Chanjo pamoja na shimio: jaribio juu ya kanseri ya titi lilionyesha nini kweli?

Mwezi wa 12 mwaka wa 2024, Urusi ilitangaza kama imetengeneza chanjo ya kanseri, na kama wagonjwa wa nchi ile wataipata bure kuanzia 2025. Habari ilizunguka haraka katika simu, kwa maandishi na kwa sauti, na kila fasi yenye ilipita ilipoteza maneno fulani. Mwisho ilibakia paka hii: dawa ya kanseri imepatikana.

Kwa familia yenye kuwa na mama mugonjwa wa kanseri ya titi, maneno sawa hayo si ya kupitishia saa. Yanaweza kumufanya mama aache dawa zenye anapewa, juu anangojea chanjo. Yanaweza kufanya watu wauze kiwanja ili kutafuta sindano yenye hakuna hospitali inaiuza. Njo maana inafaa kujua hizi chanjo ni kitu gani, zilijaribiwa namna gani, na zilifika wapi. Kuko jaribio moja lenye lilifanywa Marekani, ambamo wachunguzi walichanganya chanjo na dawa za shimio kwa wanawake wenye kanseri ya titi ilikuwa imeisha kusambaa mwilini. Jaribio hilo linafundisha mengi kuliko matangazo yenye kupita katika simu.

Chanjo ya kuzuia na chanjo ya kutunza

Hapa mashariki mwa Congo, mutu akisikia neno chanjo anafikiria mutoto: surua, polio, kifua kikuu. Mutu mwenye afya anachanjwa ili ugonjwa usimupate. Na ni kweli, kuko chanjo mbili za namna hiyo zenye zinazuia kanseri. Moja ni ya hepatiti B, yenye iko ndani ya ile sindano ya watoto ya wiki 6, 10 na 14. Virusi vya hepatiti B vikikaa miaka mingi katika maini vinaweza kuleta kanseri ya maini. Ingine ni chanjo ya HPV, virusi vyenye kuleta kanseri ya mulango wa kizazi. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuwachanja wasichana wa nchi nzima tangu 2011.

Kanseri ya titi ni tofauti. Hakuna virusi vyenye vinajulikana kama njo vinaileta, kwa hiyo hakuna kidudu cha kufungia mulango. Chanjo yenye inazungumuziwa katika majaribio haya inapewa mutu mwenye tayari ni mugonjwa. Kazi yake ni kuwafundisha askari wa mwili, ni kusema zile chembe nyeupe za damu, watambue seli za kanseri na wazishambulie. Ni chanjo ya kutunza. Mutu akisema tu "chanjo ya kanseri" bila kusema ni ya namna gani, amechanganya mambo mawili yenye hayafanane.

Na askari hao, mbona hawaione kanseri wao wenyewe? Shida ni kama seli ya kanseri si mugeni. Ni seli ya mwili wa mama mwenyewe, yenye imeharibika na kuanza kuzaana bila kusimama. Microbi ya malaria inatoka inje, mwili unaijua kama adui. Seli ya kanseri inavaa nguo za nyumbani.

Ugonjwa ukisambaa

Waganga wanasema kanseri ya titi imesambaa wakati seli zake zimetoka katika titi na kufika mbali: katika mifupa, mapafu, maini ao ubongo. Kwa hatua hiyo, kukata titi peke yake hakuwezi kumaliza ugonjwa. Dawa zinakusudia kuusimamisha, kuurudisha nyuma, kupunguza maumivu na kuongeza wakati wa kuishi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kama katika mwaka wa 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa na kanseri ya titi katika dunia nzima, na 670,000 walikufa juu yake. Afrika iko na sehemu mbaya katika hesabu hiyo, juu wamama wengi wanafika hospitali wakati uvimbe umeisha kuwa mukubwa ao kidonda kimefunguka.

Dawa yenye inajulikana zaidi kwa hatua hiyo ni shimioterapia, yenye wagonjwa wengi wanaita tu shimio. Inapitishwa katika mushipa, kwa mizunguko, na inaua seli zenye kuzaana haraka. Seli za kanseri zinazaana haraka. Lakini mizizi ya nywele nayo inazaana haraka, ngozi ya ndani ya tumbo pia, na hata mafuta ya ndani ya mifupa fasi damu inatengenezwa. Njo maana nywele zinaanguka, mugonjwa anatapika, na askari wa mwili wanapunguka.

Hapo swali linakuja lenyewe. Kama shimio inapunguza askari, na chanjo inahitaji askari, mutu anaweza kuvichanganya namna gani? Ni sawa vile kumwita mwalimu afundishe wanafunzi siku yenye masomo yamefungwa.

Jaribio la Bethesda

Wachunguzi wa Taasisi ya Kitaifa ya Kanseri ya Marekani, yenye iko Bethesda karibu na Washington, walitaka kujibu swali hilo. Kuanzia mwezi wa 5 mwaka wa 2006 mupaka mwezi wa 2 mwaka wa 2012 walipokea wagonjwa 48 wenye kanseri ya titi iliyosambaa. Miaka karibu sita kwa watu 48: hiyo peke yake inaonyesha namna kazi hizi zinaenda polepole. Matokeo yalichapishwa 2015.

Chanjo yenyewe iliitwa PANVAC, na namna ilivyotengenezwa inaweza kushangaza wakaaji wa Kivu na Ituri, juu vipande vyake si vigeni kwao.

Mubebaji wa kwanza wa chanjo hiyo ni virusi vya vaksinia. Ni vile vile vyenye vilitumiwa zamani kuchanja dunia nzima juu ya ndui, mupaka OMS ikatangaza katika 1980 kama ndui imeisha. Wazee wengi wangali na kovu la chanjo hiyo kwenye mukono. Mubebaji wa pili ni virusi vya ndui ya kuku, ile yenye mufugaji yeyote anajua: vipele kwenye kilemba na kuzunguka macho ya kuku. Virusi hivyo vya kuku vikiingia katika mutu haviwezi kuzaana.

Ndani ya virusi hivyo wachunguzi waliingiza maagizo ya kutengeneza alama mbili zenye seli nyingi za kanseri ya titi zinabeba kwa wingi: moja inaitwa MUC-1, ingine CEA. Waliongeza pia maagizo ya vitu vitatu vyenye kuamusha askari. Maana yake ni hii: mwili unaona virusi vimeingia, unapiga kengele, askari wanakuja mbio, na fasi ile wanakuta alama za kanseri zikiwa pamoja na adui. Kile chenye walizoea kukiona kama cha nyumbani, sasa wanakiona katika mikono ya mwizi.

Mbona wabebaji wawili? Juu sindano ya kwanza ya vaksinia inafanya mwili ukumbuke virusi vile. Ukirudilia sindano ile ile, askari wanavimaliza mbele vifanye kazi yao. Kwa hiyo vaksinia inafungua mulango mara moja, na sindano zenye kufuata zinabebwa na virusi vya ndui ya kuku, vyenye mwili haujavijua sana.

Kwa wale wenye walichanjwa juu ya mpox kuanzia mwezi wa 10 mwaka wa 2024, wakati kampeni ilianzia Goma: chanjo ile, MVA-BN, inatoka katika ukoo ule ule wa vaksinia, lakini iliyozoofishwa ili isizaane ndani ya mutu. Kampuni yenye inaitengeneza, Bavarian Nordic ya Denmark, ilichukua pia wazo la PANVAC na kuliendeleza kwa jina la CV301, ikalijaribu kwa kanseri zingine. Hapa watu wasichanganye tena. Ndani ya chanjo ya mpox hamuna alama hata moja ya kanseri. Haizuie kanseri, haitunze kanseri, haijaribu kanseri. Ni mubebaji tu mwenye ni wa ukoo mumoja.

Namna walivyoigawanya kazi

Wanawake 48 waligawanywa kwa kura. Si muganga mwenye alichagua, si mugonjwa mwenye alichagua. Kikundi cha kwanza, watu 25, kilipata shimio yenye kuitwa dosetakseli kila wiki, kwa muzunguko wa wiki tatu na wiki moja ya kupumuzika, pamoja na chanjo. Kikundi cha pili, watu 23, kilipata dosetakseli ile ile, bila chanjo.

Watu wengine wakisikia maneno ya kura wanakasirika: sasa ule mwenye hakupata chanjo ametupwa? Hapana. Alipata dawa yenye tayari inajulikana kama inasaidia, na mu mwaka ule hakuna mutu alijua kama chanjo inasaidia ao inaumiza. Bila kura, waganga wangeweza, hata bila kutaka, kuwapa chanjo wale wenye wangali na nguvu, na kiisha wakasema chanjo njo iliwasaidia.

Na swali la shimio kuua askari? Wachunguzi wale wale walikuwa wameisha kujaribu dosetakseli pamoja na chanjo kwa wanaume wenye kanseri ya prostati, wakaona askari waliendelea kuamuka hata dawa ikiwa mwilini. Kuko pia jaribio lingine la kupendeza sana juu ya jambo hilo, la Chuo cha Johns Hopkins kule Baltimore, lililochapishwa 2009. Wanawake 28 wenye kanseri ya titi iliyosambaa walipewa chanjo yenye ilitengenezwa na seli za kanseri ya titi zenye zimekuzwa katika laboratwari na kuchomwa na mionzi ili zisizaane tena. Walipewa pia shimio mbili za zamani, siklofosfamidi na doksorubisini, lakini kwa kipimo kidogo na kwa siku zenye zimepangwa: ya kwanza mbele ya chanjo, ya pili kiisha chanjo.

Kile chenye waliona ni kama kipimo kidogo cha siklofosfamidi, miligrama 200 kwa kila metre mraba ya mwili, kilisaidia chanjo ifanye kazi muzuri zaidi. Kipimo kikipanda, chanjo ililala. Sababu moja yenye wachunguzi wanatoa ni kama katikati ya askari wa mwili kuko wengine wenye kazi yao ni kuwazuia wenzao wasipite kiasi, sawa vile polisi mwenye kuzuia askari wasipige raia. Kanseri inajificha nyuma ya polisi hao. Siklofosfamidi kidogo inawapunguza hao kwanza, askari wa kweli wanapata njia. Ikizidi, inaua wote.

Kwa hiyo shimio na chanjo si lazima wapigane. Yote inategemea ni shimio gani, kiasi gani, siku gani.

Miezi 7.9 na miezi 3.9

Sasa matokeo ya Bethesda. Wachunguzi walihesabu wakati wenye ulipita mbele ugonjwa uanze kusonga tena, ni kusema uvimbe kukomaa ao kutokea fasi mupya kwenye skaneri. Katika kikundi cha shimio peke yake, wakati wa katikati ulikuwa miezi 3.9. Katika kikundi cha shimio na chanjo ulikuwa miezi 7.9. Wakati wa katikati maana yake ni hii: ukiwapanga wale wanawake 25 kwa mustari, kuanzia ule mwenye ugonjwa ulirudilia mwendo mapema mupaka ule wa mwisho, ule mwenye anasimama katikati ya mustari alifika miezi 7.9. Wengine hawakufika hapo, wengine walipita. Chanjo haikuleta mateso makubwa ya kuongeza. Kile chenye kilionekana zaidi ni kuvimba, na ngozi kuwaka kidogo pahali pa sindano.

Miezi ine ya kuongeza kwa mama mwenye watoto si kitu kidogo. Na gazeti lenye kutaka kuuza lingeandika: chanjo imezidisha wakati mara mbili. Maneno hayo yangekuwa kweli, na yangedanganya.

Kwa nini? Fikiria mukulima wa Masisi mwenye amepata mbegu mupya ya mahindi. Anaipanda katika vipande viwili vidogo, na mbegu ya zamani katika vingine viwili. Mupya inazaa zaidi. Ni mbegu? Ao ni udongo, ao mbuzi wa jirani hawakufika upande ule? Kwa vipande vidogo hawezi kujua. Wanawake 48 ni shamba dogo. Wachunguzi walipiga hesabu: kama chanjo haingekuwa na faida hata kidogo, bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti sawa hiyo karibu mara 9 kwa 100. Kawaida wanataka iwe chini ya mara 5 kwa 100 mbele ya kusema "ndiyo". Kwa hiyo hawakusema ndiyo. Waliandika kama matokeo yanatoa wazo, na kama yanapasa kupimwa katika jaribio kubwa zaidi.

Kuko jambo lingine, lenye mara mingi linasahauliwa. Miezi 7.9 ni wakati mbele ya ugonjwa kusonga. Si wakati wa kuishi. Mara nyingi vitu hivyo viwili vinaenda pamoja, lakini si kila mara.

Shamba dogo na shamba kubwa

Historia ya chanjo hizi inaonyesha sababu ya kuwa na uangalifu. Kampuni moja ya Canada, Biomira, ilitengeneza chanjo yenye kuitwa Theratope, juu ya alama ya sukari yenye iko juu ya seli za kanseri ya titi. Majaribio madogo yalikuwa yametoa tumaini. Wakaingiza wanawake 1,028 wenye kanseri ya titi iliyosambaa, wenye walikuwa wamemaliza shimio yao ya kwanza na ugonjwa ulikuwa umesimama. Katika 2003 matokeo yakatoka: wenye walipata chanjo ya kweli na wenye walipata ile ya kulinganishia, hakukuwa tofauti, wala kwa wakati wa ugonjwa kurudia mwendo wala kwa wakati wa kuishi.

PANVAC yenyewe, kwa kanseri ya kongosho, ilishindwa katika 2006 katika jaribio la watu 255, na kampuni yenye ilikuwa inaitengeneza ikafunga milango kiisha hapo. Jambo la kushangaza ni kama lile jaribio la Bethesda la kanseri ya titi lilikuwa limeanza mwezi mumoja tu mbele.

Lakini mufano wenye uchungu zaidi ni wa ndugu yake PANVAC, yenye kuitwa PROSTVAC, ya kanseri ya prostati. Wabebaji ni wale wale: vaksinia kwanza, ndui ya kuku kiisha. Katika jaribio la wanaume 125, matokeo yaliyochapishwa 2010, wenye walichanjwa waliishi miezi 8.5 zaidi kwa hesabu ya katikati. Watu wengi waliamini kama sasa imepatikana. Jaribio kubwa likafanywa, wanaume 1,297. Katika 2017 lilisimamishwa, juu hesabu zilionyesha kama hata likiendelea halingeonyesha faida. Ile miezi 8.5 ilikuwa ya shamba dogo.

Jaribio kubwa la PANVAC na dosetakseli kwa kanseri ya titi, lenye wachunguzi walikuwa wanaomba, halikufuata.

Hii yote haimaanishi kama wazo limekufa. Kuko kitu kimoja chenye kilieleweka baadaye: askari wanaweza kufundishwa vizuri na kufika mupaka kwenye uvimbe, lakini pale seli za kanseri zinawafungia breki. Dawa za kufungua breki hizo zipo sasa. Moja, pembrolizumabu, ilijaribiwa pamoja na shimio kwa wanawake 847 wenye kanseri ya titi iliyosambaa ya namna yenye haisikie dawa za homoni wala trastuzumabu. Kwa wale wenye uvimbe wao ulikuwa na alama nyingi za breki, wakati wa katikati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 16.1 mupaka 23. Hapo hesabu ni ya kuishi, na ni ya shamba kubwa. Marekani iliikubali dawa hiyo pamoja na shimio katika 2020. Si chanjo, lakini inaonyesha kama shimio na askari wa mwili wanaweza kufanya kazi pamoja. Shida ya watu wa huku ni bei: maelfu ya dola kwa sindano moja.

Chanjo mupya zinajaribiwa pia. Kule Cleveland, kuanzia 2021, waganga wanajaribu moja yenye inalenga protini ya maziwa ya mama, yenye titi la kawaida linaitengeneza paka wakati wa kunyonyesha, lakini kanseri fulani zinaitengeneza wakati wowote. Wazo ni nzuri. Lakini lilianza na wanawake wenye walikuwa wamemaliza matibabu na kanseri haionekane tena, na kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta kipimo chenye hakiumize.

Kwa mama mwenye yuko Bunia, Uvira ao Kindu

Mupaka sasa, hakuna chanjo ya kutunza kanseri ya titi yenye imekubaliwa kuuzwa kwa watu wote. Kwa hiyo mutu mwenye kuuza sindano ya namna hiyo, iwe katika famasi, katika chumba cha maombi ao kwa simu, anauza kitu kingine. Alama moja ni rahisi kushika: katika jaribio la kweli, mugonjwa halipe dawa yenye inajaribiwa. Anapewa karatasi yenye kueleza hatari zote, anaisoma ao anasomewa katika luga yake, anasaini kama anakubali, na anaweza kutoka siku yoyote bila kufukuzwa katika matunzo. Mwenye anaomba dola mbele, na hana karatasi, si muchunguzi.

Upande mwingine, dawa zenye zilitumiwa katika majaribio hayo kama musingi si siri za Marekani. Dosetakseli, doksorubisini na siklofosfamidi ziko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima. Wagonjwa wa mashariki wenye kuweza kusafiri wanazifuata Kampala, kwenye Taasisi ya Kanseri ya Uganda yenye inafanya kazi tangu 1967, ao Butaro kaskazini mwa Rwanda, fasi kituo cha kanseri kilifunguliwa 2012, ao Kinshasa. Shida yao kubwa inaanza kiisha safari ya kwanza. Shimio ni mizunguko. Mama anafanya miwili, franga zinaisha, barabara inafungwa, nyumbani watoto hawana mutu, na muzunguko wa tatu unapita. Kwa wengine, ni wakati huo habari ya chanjo inaingia katika simu.

Kuko pia ulizo moja lenye kila mama mwenye amegunduliwa anaweza kumuuliza muganga, hata kama hana franga za safari: kipande cha uvimbe wangu kilipimwa homoni? Kanseri nyingi za titi zinalishwa na homoni za mwanamuke. Kwa hizo kuko kidonge cha tamoksifeni, cha kumeza kila siku nyumbani, chenye bei yake haifanane hata kidogo na ya dawa mupya. Kinaweza kuzuia ugonjwa kwa muda murefu, hata kwa wengine wenye umesambaa. Lakini bila kipimo kile, muganga anatembea gizani.

Na kwa wale wenye hawajagunduliwa: kivimbe kigumu katika titi ao kwapani hata kama hakiumi, ngozi ya titi yenye inaingia ndani ao inakuwa sawa ngozi ya chungwa, chuchu yenye imegeuka ao yenye kutoa damu, hizo zote ni za kupeleka hospitali wiki ile ile. Si kila kivimbe ni kanseri. Vingi si kanseri. Kwa kujua, wanachukua kipande kidogo na sindano na kukituma laboratwari. Watu wengine wanaogopa kama sindano hiyo njo inaamusha kanseri na kuisambaza. Waganga wanaitumia katika dunia nzima kabla ya kuanza matunzo, na bila hiyo hawawezi kuchagua ni shimio gani, ao ni kidonge gani, kinamufaa mama huyu.